Re: Begi halijatokea Istanbul, kesho tunaanza kutembea na marafiki

Pole sana dada, wewe na shemeji, kwa begi kutotokea Istanbul baada ya kutoka Dodoma kupitia Dar kwa tiketi mbili tofauti. Msitoke uwanja wa ndege kwanza. Someni stika ya mzigo mliyopewa Dodoma: ikiandikwa IST (uwanja wa Istanbul), begi lilipaswa kufika huko, ikiandikwa DAR (uwanja wa Dar), huenda limebaki Dar, kwa sababu tiketi mbili tofauti mara nyingi haziunganishi mizigo. Hapo Dar ilibidi mlichukue wenyewe na kuliingiza upya kwa ndege ya Istanbul.

Nendeni dirisha la mizigo na stika hiyo, mjaze fomu ya PIR, yaani ripoti ya mzigo uliopotea, kuchelewa au kuharibika. Andikeni anwani ya hoteli na namba inayopatikana Uturuki. Wengi huandika laini ya nyumbani iliyozimwa, begi linafika, hakuna wa kupigiwa! Nguo na mswaki nunueni, risiti mtunze. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, madai ya mzigo uliochelewa yaandikwe ndani ya siku 21 tangu mkabidhiwe. Ulioharibika, siku 7 tu.

Safari msiiahirishe, na marafiki wasikae hotelini kuwasubiri. Anzeni Sultanahmet, mtaa wa kale wa Istanbul: Hagia Sophia na Msikiti wa Sultan Ahmed vinatazamana, ni mwendo wa miguu. Dada, chukua khanga ya kujifunika kichwa misikitini. Kasri la Topkapi hufungwa Jumanne.