Maswali ya Wasomaji: Bugali, Sombe na Ugonjwa wa Sukari

Mume wangu amekutwa na ugonjwa wa sukari. Majirani wanasema aachane kabisa na bugali wa muhogo, ale wa mahindi tu. Sisi nyumbani tunamega wote kwenye sahani moja. Nifanyeje? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Mama, majirani wana ukweli nusu. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga: gramu 100 zina wanga zaidi ya gramu 80, na protini haifiki 3. Mahindi yana wanga wa gramu 75 hivi na protini kama 8, na yakisagwa bila kukobolewa, nyuzinyuzi zinabaki. Kwa hiyo mahindi yasiyokobolewa, au muhogo uliochanganywa na mtama, ni afadhali kidogo. Lakini donge kubwa la mahindi litapandisha sukari kuliko donge dogo la muhogo. Angalieni kwanza ukubwa wa donge.

Hapo ndipo sahani moja inapoleta shida: mkono unaomega hauhesabu. Usimpikie chungu chake, utachoka kabla ya mwezi kwisha. Fanya hivi mara moja tu: pima vijiko sita vya chakula vya unga, uvisawazishe kwa kisu (ni kama gramu 50), songa bugali wake peke yake kwa ugumu mliouzoea, kisha ushindilie kwenye bakuli dogo lililolowanishwa maji. Tia alama pale ulipofika. Kuanzia siku hiyo, chota kutoka chungu cha wote hadi kwenye alama, umpindulie kwenye sahani yake. Hilo ndilo fungu lake la mlo mmoja la kuanzia. Kipimo cha sukari kitawaambia kama lipunguzwe.

Nusu ya sahani iwe mboga: sombe (majani ya muhogo), lengalenga, matembele au kabichi. Robo iwe sambaza (samaki wadogo wa ziwani), yai au maharage, na bugali ubaki na robo yake. Maharage nayo yana wanga, ingawa hupanda polepole; akila mengi, punguza donge. Sombe haina neno, ila mawese yanayoelea juu yake: kijiko kimoja cha chakula ni kalori kama 120, na mwenye unene anazihisi. Sambaza kavu zenye chumvi ziloweke, umwage maji, kwa sababu presha hupenda kuandamana na kisukari.

Wengi hukosea hivi: wanapunguza bugali bila kuongeza mboga. Ikifika saa kumi njaa inauma, wanamalizia kwa mandazi na chai ya sukari, na kipimo cha jioni kinapanda kuliko zamani. Aanze na mboga, bugali ufuate.

Mkiwa na mashine ya kupimia, pimeni saa mbili baada ya tonge la kwanza. Kwa watu wazima wengi, lengo ni chini ya 180 mg/dl; asubuhi kabla ya kula, kati ya 80 na 130. Kwa mzee sana, daktari anaweza kulegeza.

Asubuhi nameza glibenklamidi, dawa yangu ya kisukari, na chai kavu. Saa nne natetemeka, jasho linanitoka, macho yanaingia giza. Mlo wangu ni mmoja, saa kumi jioni. (Msomaji wa Ibanda)

Hiyo ni sukari kushuka, na ni hatari. Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikinywewa peke yake ni nadra kufanya hivyo, kwa hiyo usijilinganishe na jirani anayeimeza akashinda salama.

Ukitetemeka, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu gilasi ya maji, unywe, au unywe nusu ya chupa ndogo ya Fanta. Karanga hazifai hapo, mafuta yake huchelewesha. Ngoja dakika 15, upime. Ikiwa bado chini ya 70, rudia. Ikitulia, kula kitu: kiazi kitamu kidogo cha kuchemsha na maharage ya jana yanatosha. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja.

Kidonge hicho huandamana na mlo. Pasipo mlo, usikimeze. Na wiki hii hii rudi kwa aliyekuandikia, umwambie waziwazi kwamba unakula mara moja kwa siku. Wagonjwa wengi huona haya kulisema, na daktari anapanga dozi ya mtu anayekula mara tatu.

Asali, ndizi mbivu na kasiksi (pombe ya ndizi) je? (Msomaji wa Kadutu)

Asali ni sukari, hata ikitoka msituni. Ndizi mbivu, moja ndogo, isiwe juu ya bugali. Kadiri inavyoiva ndivyo wanga wake unavyogeuka sukari. Kasiksi ina mambo mawili: sukari iliyobaki ndani yake huipandisha sukari ya damu kwanza, kisha pombe hulizuia ini kutoa akiba yake, na usiku sukari inaweza kuanguka, hasa kwa anayetumia glibenklamidi au insulini. Huyo asinywe tumbo tupu, na asilale kabla ya kupima.