Mzee ana Parkinson, "haoni vitu", lakini wageni hawakomi nyumbani

Mkuu uliyeanzisha uzi, nimekusoma mpaka mwisho. Unasema baba yako kule Makete ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, mwaka wa tano sasa, jioni anaongea na watu msiowaona, ila kliniki akiulizwa anajibu hapana, na kwenye fomu anaandikiwa sifuri. Ukauliza kama hivi vipimo vya Wazungu vinatufaa au tunajaziwa makaratasi tu. Nimepita humo humo na mzee wangu, Rungwe. Jibu langu refu, vumilia.

Swali lenyewe nililisikia nikiwa nimekaa pembeni. Daktari kijana, mstaarabu, shikamoo katoa vizuri, akafungua fomu: "Mzee, wiki hii umeona, umesikia au umehisi vitu ambavyo havipo?" Mzee akamtazama kwa ule uso ambao ugonjwa umeukausha, akasema, "Hapana, mwanangu." Sifuri. Tukapanda Coaster tukarudi Tukuyu. Jioni ile ile mama kapakua ndizi, mzee akahesabu sahani kwa kidole kinachotetemeka, akauliza, "Na wale watoto je?" Mama hakubisha. Alikwenda kabatini akaleta sahani mbili, akaweka kipande kimoja kimoja. Nilipomuuliza baadaye akaniambia, "Akila na wageni wake anamaliza chakula."

Sasa mzee alidanganya wapi? Kaulizwa vitu ambavyo havipo. Wale watoto kwake wapo, wamekaa kwenye benchi, mmoja ana sweta jekundu. Swali la namna hiyo atalijibu "ndiyo" yule tu ambaye bado anajua kwamba macho yanamchezea. Aliyezama ndiye anayepata sifuri.

Halafu kuna lugha. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mbeya mjini, kwa hiyo mniwie radhi. "Naona baridi", "naona njaa", "naona bora tuondoke": kuona kwetu si kazi ya macho peke yake. Kusikia ndiyo usiseme: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Ukimuuliza mzee "unasikia vitu?" hujui amejibu kuhusu sikio, pua au ngozi, na fomu inataka vitenganishwe. Tena mzee wa Kinyakyusa anayetafsiriwa na mkewe akikuambia "marehemu kaka alinijia jana", hapo hajakwambia kama alikuwa amelala au macho. Na Parkinson ina ndoto kali mno, mtu anapiga mateke usingizini, kwa hiyo tofauti hiyo si ya kupuuza.

Fomu nyingi mtakazokutana nazo zimetokana na ile MDS-UPDRS ya mwaka 2008, fomu ya kupimia Parkinson iliyotolewa na chama cha wataalamu wa magonjwa ya mwendo. Ni ndefu kweli, lakini mambo haya yote yamewekwa kwenye swali moja, alama 0 hadi 4. Moja ni pale koti mlangoni linapogeuka mtu kwa sekunde, na mgonjwa anajua si mtu. Mbili anaona watu au wanyama kamili lakini anajua si kweli. Tatu hajui tena. Nne ni imani zisizo za kweli: anaibiwa, anawindwa, mke ana mtu. Vipimo vingine virefu zaidi, kama SAPS, vilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili), ambao zaidi husikia sauti. Wa Parkinson zaidi huona, na mara nyingi anaowaona hawasemi neno. Mwaka 2008 hao hao wataalamu wa magonjwa ya mwendo walivipitia vipimo vilivyopo, wakakiri hakuna hata kimoja kinachokidhi mahitaji yote. Kwa hiyo, mkuu, havijawatosha hata wenyewe.

Kuna kingine, NPI, ambacho humuuliza anayemtunza mgonjwa: mara ngapi, kwa ukali gani, na wewe unasumbuka kiasi gani. Ukimpa mama yangu atakwambia hasumbuki. Sahani mbili tu, usumbufu gani?

Aliyetufungulia mlango ni nesi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa huku huku. Hakushika fomu kwanza. Alisalimia kwa Kinyakyusa, akauliza habari za migomba, za mvua, kisha akasema kama anapiga soga, "Na nyumbani siku hizi mna wageni gani, baba?" Mzee akafunguka kama gunia lililokatwa kamba. Watoto wawili, paka, na mwanamke anayepita pembeni ya jicho kila akikaa barazani. Nesi akauliza: ukiwasogelea inakuwaje? "Wanakuwa majani ya mgomba." Akaandika. Akauliza: wanakuogopesha? Hapana. Wanakuja saa ngapi? Jua likizama. Halafu akauliza swali ambalo sisi wanawe tusingethubutu: "Na mama mnaelewana?" Mzee akainamisha kichwa. Akasema kuna fundi anakuja usiku kwa mama, ana ushahidi, ameona nyayo.

Mama ana miaka 71. Hayo ya fundi tulikuwa tumeyasikia zaidi ya mwaka, na ukoo mzima ukasema ni wivu wa uzeeni. Mchungaji aliwaombea ndoa. Hakuna aliyeyahesabu kuwa dalili, wakati kwenye fomu hiyo ndiyo alama nne. Tulikuwa tunabishania watoto wa kwenye benchi, ni mizimu au ni ugonjwa, na kumbe alikuwa ameshaanza kuficha panga chini ya kitanda.

Kuhusu mizimu, wengi humu mmemwambia mkuu aende kwa mtaalamu wa jadi. Sibishani na imani ya mtu. Ila mama aliniambia jambo ambalo daktari alilipenda: babu alipokuwa akija ndotoni alikuja na shida, kaburi halijajengewa, au mtoto hajapewa jina. Hawa wageni wa mzee hawana shida yoyote, hawadai, hawasemi, na wameanza baada ya mkono kutetemeka. Waganga wa hospitali nao katika maelezo yao wanakubali kwamba imani ya kawaida katika jamii ya mtu isihesabiwe ugonjwa. Basi wanaojua kipi ni cha kawaida kwenu ni wazee wa rika lake. Waulize wao.

Tahadhari ya dawa, na hii ilituumiza. Hospitali moja (siitaji) mzee alipoanza kelele za fundi walimpa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Siku ya tatu alikuwa gogo, uji haumezeki. Dawa ile inazuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea, na dopamini ndiyo hiyo hiyo anayopungukiwa. Tulipofika kwa bingwa alianza na vitu vidogo: akapima mkojo, akakuta UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), akaitibu. Akamwondoa taratibu kwenye benzhexol, dawa ya kupunguza kutetemeka, ambayo kwa wazee inavuruga akili. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hakuigusa sana. Quetiapine, dawa ya kutuliza maono na imani kama hizo, kidogo ya usiku, ilikuja mwishoni. Usiache wala kupunguza dawa mwenyewe, mkuu.

Usiende kliniki mikono mitupu. Nunua daftari la kurasa 48. Andika saa, alichokiona kwa maneno yake yeye, kwa Kikinga kama ndivyo alivyosema, alifanya nini, kama alijua si kweli, na dawa aliyomeza kabla. Usiandike "amechanganyikiwa". Usimuulize "vitu visivyokuwepo", muulize nani alikuja. Na mama yako aulizwe akiwa peke yake, baba asiwepo, maana mama yangu alisema ya fundi baada tu ya mlango kufungwa.

Siku hizi mama anawasha taa saa kumi na moja na nusu, kabla giza halijaingia kwenye migomba. Fundi hajatajwa tangu Agosti. Panga lipo kwangu Uyole. Watoto bado wanakuja mara moja moja, na sahani zao zinawekwa. Kliniki ni Alhamisi. Nikirudi nitapiga picha ukurasa mmoja wa daftari niweke hapa, jina nitalifuta.