Mashallah si idhini: jinsi ninavyokabidhi video siku hizi

"Mashallah kaka, nzuri sana. Hongera."

Ujumbe huo wa dada wa ofisi ya mteja uliingia WhatsApp saa mbili usiku. Nilikuwa chumbani kwangu Ngamiani, Tanga, ninapofanyia kazi ya kuhariri, umeme umekatika na laputopu inakula chaji iliyobaki. Nikaona kazi imekwisha. Nikafungua ubao wangu wa miradi kwenye simu, yaani programu ya kupanga kazi kwa kadi na safu, nikaivuta kadi ya "Filamu ya mwani" mpaka safu ya "Imekamilika", nikalala.

Siku chache baadaye mteja, shirika linalofanya kazi na wakulima wa mwani, akagundua kwamba vyeo vya akina mama wawili vimebadilishana. Mwenyekiti kaandikwa mweka hazina, mweka hazina kaandikwa mwenyekiti. Nikarekebisha filamu ya dakika sita usiku uleule. Lakini palikuwa na kipande cha dakika moja cha kufungulia mikutano, chenye maandishi yaleyale, na hicho sikukigusa. Kwenye ubao hakikuwa na kadi yake. Kilikuwa kimefichama ndani ya kadi ile moja iliyokwisha kwenda mwisho. Kikaja kuoneshwa kijijini, upande wa Mkinga, kwa projekta na shuka jeupe lililofungwa kwenye minazi miwili. Mwenyekiti mwenyewe alikaa mbele, kavaa leso mpya. Onesho lilipokwisha alinijia, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, uenyekiti nimevuliwa lini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi pale pale, na tangu siku ile nikabadilisha namna ninavyoendesha kazi baada ya kupiga picha. Nayaandika haya kwa mhariri mwenzangu, hasa anayefanya kazi peke yake au na wenzake wawili watatu, mbali na studio kubwa zenye mtu wa kusimamia kila kitu.

Nianze na lile neno. Sisi watu wa pwani tumelelewa kupokea kazi ya mtu kwa maneno mema. Jirani akikuletea sahani ya wali, hujaionja umeshasema mashallah. Mteja anayekuambia "nzuri sana" anakupa heshima, na ni vizuri akupe. Ila hajasema kwamba ameitazama mpaka mwisho, wala kwamba wakubwa wake wameiona, wala kwamba ameridhia iende kwa watu. Yule dada aliyeniandikia alikuwa ameangalia dakika mbili za mwanzo ndani ya daladala, bila sauti. Hakunidanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyeigeuza adabu yake kuwa sahihi.

Siku hizi sifa naipokea kama sifa: "Ahsante sana dada, nashukuru." Kisha naomba idhini kwa maneno yaliyonyooka: "Ukishaitazama yote, naomba uniandikie: Ninaidhinisha toleo T04 la filamu ya dakika 6." Sentensi hiyo ina mambo matatu, yaani nani, toleo gani na kazi ipi. Ikija, naipiga skrini shoti, naiambatisha kwenye kadi, naandika tarehe. Bila hiyo kadi haisogei, hata kama mteja ni rafiki yangu wa kusoma naye.

Kuhusu ubao wenyewe, mimi natumia Trello, ila utaratibu huu unakwenda kwenye programu yoyote ya miradi yenye kadi na safu. Kosa langu lilikuwa kuweka kadi moja kwa mradi mzima. Sasa kila faili litakalotoka mkononi mwangu lina kadi yake. Filamu ya dakika sita ya Kiswahili ni kadi. Ileile yenye tafsiri ya Kiingereza chini ni kadi nyingine. Kipande cha dakika moja, kadi. Cha kusimama cha sekunde 30 kwa ajili ya simu, kadi. Sauti ya redio, kadi. Hata picha ya jalada la YouTube. Mradi unaoonekana mdogo hufika kadi nane au tisa, na mteja anapoziona zimepangwa hivyo ndipo wote wawili mnapotambua ukubwa wa kazi mliyokubaliana. (Hapo ndipo pa kuzungumzia bei tena kama kuna kilichoongezeka. Usingoje mwisho.)

Faida yake kubwa iko kwenye marekebisho. Mteja akisema badilisha cheo cha mama huyu, sifungui programu ya kuhariria kwanza. Nafungua ubao na kujiuliza mama huyu anaonekana kwenye kadi zipi. Kila kadi inayohusika inapata mstari wa kutikiwa, "rekebisha cheo, 02:14", na inarudi kwenye safu ya "Marekebisho" hata kama ilikuwa imeshaidhinishwa. Rekebisho moja linaweza kurudisha nyuma kadi tano. Inauma kuziona zinarudi, lakini ni bora zirudi kwenye ubao kuliko kurudi kijijini mbele ya watu.

Safu zangu ni hizi: Inahaririwa, Nimeikagua, Iko kwa mteja, Marekebisho, Imeidhinishwa, Imekabidhiwa, Imepokelewa. Nitarudi kwenye hiyo ya mwisho.

Idhini pia siiombi mara moja tu. Nilikuwa nampelekea mteja video iliyokwisha kupakwa rangi, muziki umewekwa, maandishi yamepangwa, halafu ananiambia yule mzee wa mwanzo nimtoe. Sasa hatua ya kwanza naomba idhini ya mtiririko: nani anazungumza, kwa mpangilio gani, kwa urefu gani. Rangi bado, sauti chafu chafu, na namwambia hivyo kabla hajafungua asije akashtuka. Mtiririko ukikubaliwa, picha inafungwa, yaani mpangilio na urefu havibadilishwi tena. Baada ya hapo ndipo nashughulikia rangi, sauti, majina na tafsiri, kisha naomba idhini ya mwisho. Kwenye makubaliano naandika kwamba kufungua picha iliyofungwa kuna gharama yake na siku zake. Sijapata mteja aliyekataa alipoelezwa mapema.

Nakala ya kukagua naitoa nyepesi. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, filamu ya dakika sita inafika kama MB 90, na mteja aliyeko Pangani na bando la wiki anaweza kuitazama. Faili kuu la ProRes 422 HQ, aina ya faili zito la ubora wa juu, kwa 1080 na fremu 25 kwa sekunde, linakula karibu megabiti 184 kwa sekunde. Dakika sita hizohizo zinapita GB 8. Hilo halipelekwi kwa mtu wa kukagua. Hifadhi ya bure ya Google ni GB 15 na humo humo mna barua pepe na picha zako, kwa hiyo faili moja tu linameza zaidi ya nusu. Nakala ya kukagua pia ina alama kwenye pembe muda wote: "T04, YA KUKAGUA", na dakika zinazotembea. Mteja akipiga picha ya skrini kuniuliza jambo, naona mara moja anaangalia toleo gani. Wengi hufungua faili la zamani lililobaki kwenye simu, na mnabishana nusu saa juu ya kitu kilichokwisha kurekebishwa.

Kuna programu za kukagulia video ambazo maoni yanashikamana na sekunde yake. Frame.io, iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2021, ni mojawapo. Mteja anasimamisha picha, anachora duara, anaandika. Kama una wateja wa mjini waliozoea kompyuta, itumie. Wengi wa wateja wangu hawataki kufungua akaunti mpya wala kukumbuka nywila nyingine, nami siwalazimishi. Wanachopenda ni ujumbe wa sauti.

Ujumbe wa sauti una kazi yake. Unakuja wa dakika nne: "Ee kaka, shikamoo yako kwa mama. Sasa sikiliza, pale kwa yule bibi kabla ya mashua, muziki punguza. Halafu kuna mahali, katikati katikati, sijapapenda." Nasikiliza video ikiwa wazi mbele yangu, naandika mstari mmoja kwa kila jambo: "01:48 hadi 02:05, punguza muziki." Pale asipopapenda naandika swali. Kisha namrudishia orodha yote: "Nimekuelewa hivi. Nimekosea wapi?" Akijibu, ndiyo inaingia kwenye kadi. Dakika kumi za kuandika zimeniokolea siku nzima za kufanya kazi ambayo hakuna aliyeiomba.

Siku ya kwanza kabisa, kabla ya hata kamera, uliza nani mwenye neno la mwisho. Liandike jina lake juu ya kila kadi. Ofisi inaweza kuwa na watu watano wenye maoni, na wote wana haki ya kusema, lakini wakubaliane wao kwa wao kisha mmoja alete. Nimewahi kupokea "ongeza muziki" na "punguza muziki" kutoka ofisi moja, asubuhi moja. Niliyarudisha yote mawili kwa heshima na kusubiri.

Mteja akinyamaza? Wako wanaoweka sharti kwamba siku tano zikipita bila jibu, kazi imekubaliwa. Mimi nililijaribu nikaliacha. Huku mtu ananyamaza kwa sababu ana msiba, au mtandao, au mkubwa wake yuko safarini, na ukimwambia "ulikubali kwa kunyamaza" umempoteza. Ninachofanya ni kusogeza tarehe: kila siku ya kusubiri inaongezeka kwenye tarehe ya kukabidhi, na kadi inaonesha hivyo. Namkumbusha kwa simu, maana salamu na hali ya nyumbani haviendi vizuri kwa maandishi.

Kukabidhi sasa. Jina la faili linabeba kila kitu, kwa mfano MWANI_DK6_16x9_SW_T05 (kazi, urefu, umbo la picha, lugha na toleo), na neno "mwisho" silitumii kwenye jina la faili hata siku moja. Kwa kituo cha TV uliza masharti yao kwanza. Kiwango cha sauti cha minus 23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) kinatajwa sana kwenye utangazaji, wakati YouTube hushusha iliyozidi takribani minus 14, hivyo sauti ya mtandaoni usiipeleke TV vilevile. Faili likishatoka, nalitazama lote kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa hedifoni. Silirushirushi.

Mafaili mazito natuma kwa diski, kwenye basi kutoka stendi ya Kange, na nakala mbili zinabaki kwangu mpaka safu ya "Imepokelewa" ijae. Kwenye safu hiyo kadi haingii kwa kuwa basi limefika Dar. Inaingia mteja akifungua kila faili, akanitumia ukubwa wake, nikalinganisha na wangu, na akanithibitishia limecheza mpaka mwisho.

Juzi nilipata kazi nyingine ya kikundi kilekile. Kwenye kila kadi nimeongeza mstari wa kutikiwa: "Majina na vyeo vimesomwa kwa mhusika." Kabla ya kufunga picha nilimpigia yule mama, shikamoo, habari za huko, kisha nikamsomea jina moja moja na cheo chake. Nilipofika kwake nikasema, "Mwenyekiti." Akacheka. "Hapana, mwanangu. Safari hii nimemwachia mwenzangu. Mimi andika mshauri."

Nikafungua ubao, nikarudisha kadi sita kwenye marekebisho.