Maswali ya Wasomaji: Kibali cha usalama Marekani na ndugu walioko nyumbani

SWALI: Nilizaliwa Mombasa na nina uraia wa Marekani kwa miaka minne sasa. Kampuni inayofanya kazi za Wizara ya Ulinzi imeniahidi ajira nikipata kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Mama na ndugu zangu wako Kenya, na kila mwezi nawatumia pesa. Niyaseme haya, au nitajiharibia?

JIBU: Yaseme yote. Fomu ya SF-86, ambayo mwombaji wa kibali huijaza, inauliza kama umewahi kumsaidia kwa pesa mtu asiye raia wa Marekani, nayo haiweki kikomo cha miaka. Kwa hiyo hata dola 50 za mama zinaandikwa: jina lake, jumla ya kukadiria, na unatuma kila baada ya muda gani. Kama umenunua kiwanja, tuseme Kilifi, nacho kinatajwa.

Kuwa na mama Kenya si kosa. Wanaoamua hutumia vigezo 13, na kimoja kinapima kama kuna mtu anayeweza kukubana kupitia jamaa zako. Ndiyo maana wanauliza kama kuna ndugu aliyeko jeshini au serikalini. Ukificha, tatizo linahama: sasa ni uaminifu wako unaopimwa, na uongo wa makusudi kwenye fomu hiyo ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5.

Sisi Waswahili hukwama zaidi kwenye orodha ya jamaa. Wanatakiwa wazazi, wa kambo, wakwe, watoto na ndugu, wakiwemo wa baba mmoja mama mbali, hata kama mlionana mara ya mwisho msibani. Waliofariki pia huandikwa. Baba mdogo si baba hapa. Kama ndiye aliyekulea, mweke kwenye nafasi ya mlezi. Binamu unayemwita kaka usimwandike kaka, maana mchunguzi atauliza mbona wazazi wenu ni tofauti. Huyo, kama mko karibu na mnawasiliana, huingia kwenye sehemu ya raia wa nchi za nje unaohusiana nao, inayotazama miaka 7 iliyopita. Kama tarehe ya kuzaliwa ya mama huijui sawasawa, weka alama ya makadirio, usibuni tarehe.

Makazi na kazi ni miaka 10 bila pengo. Kama ulikaa miezi mitatu bila kazi, iandike hivyo hivyo, pamoja na jina la mtu wa kuithibitisha. Safari za nje ni miaka 7, kwa hiyo toa pasi zako zote, pamoja na ya zamani, usome mihuri.

SWALI: Mtu fulani anasema nikimlipa atanitafutia kibali kabla sijaanza kuomba kazi. Nina ukaazi wa kudumu tu. Inawezekana?

JIBU: Usimpe hata senti. Kibali hakiombwi na mtu binafsi: mwajiri mwenye kazi inayokihitaji, au idara ya serikali, ndiye anayekufungulia maombi, na mwombaji halipii chochote. Tena hutolewa kwa raia. Subiri uraia kwanza. Wakati huo huo andika anwani zako zote na majina ya watu watatu wasio jamaa zako ambao, kwa pamoja, wamekufahamu vizuri kwa miaka 7 iliyopita. Siku ukijaza fomu ya SF-86, hifadhi nakala kabla ya kutuma, kwa sababu kwenye mahojiano mchunguzi huipitia sehemu kwa sehemu.