Saa 7 kwenda, saa 22 kurudi?

SWALI: Mama anakwenda New York mwezi wa Januari kumwona mjukuu. Tiketi inasema anatoka Nairobi 23:25 na kufika 06:25. Kurudi anaondoka 12:25, anatua Nairobi 10:25 kesho yake. Nikihesabu napata saa 7 kwenda na saa 22 kurudi. Shemeji anasema ni kwa sababu dunia inazunguka, kwa hiyo mji unaifuata ndege. Ni kweli?

JIBU: Shemeji wako si wa kwanza kuniambia hivyo. Dunia inazunguka pamoja na hewa yake, na ndege imo ndani ya hewa hiyo hiyo. Ingekuwa hivyo, helikopta ingepaa Mombasa, ikasubiri hewani, Kisumu ikaja yenyewe!

Kosa liko kwenye kuisoma tiketi. Saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, ya kufika ni ya mji wa kufikia. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Ile 06:25 ya alfajiri kwao, Nairobi ni saa nane na dakika 25 mchana. Toka saa tano na dakika 25 usiku hadi hapo ni saa 15. Kurudi, fanya hesabu hiyo hiyo, utapata 14. Ukitaka kujihakikishia, jumlisha zako: 7 na 22 ni 29. Na 15 na 14 je?

Sasa hiyo saa moja inayozidi, ndiyo kazi inayonilipa mshahara. Njia fupi kabisa ni kama kilomita 11,840. Chukua uzi uuvute juu ya tufe la dunia: utapita Chad, Algeria, Morocco, kisha karibu na visiwa vya Azores. Ndege ya masafa marefu hukata hewa kwa takriban kilomita 900 kwa saa, yaani saa 13 na dakika chache kama hakuna upepo. Lakini juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo wa juu huvuma kutoka magharibi, na wakati wa baridi kali huko ndipo unapochachamaa. Nahodha wa jahazi hahitaji kuelezwa hili: kwenda unakupinga, kurudi unakusukuma. Tuseme wastani wa njia nzima ni kilomita 50 kwa saa: kwenda unabaki na 850, unapoteza dakika kama 46, kurudi unapata 950, unaokoa kama 42 tu. Upepo haurudishi chote ulichochukua.

Kinachobaki hadi zitimie saa 15 na 14 za tiketi ni cha ardhini na cha kukwepa. Saa za tiketi huhesabiwa toka ndege inaposukumwa kwenye maegesho hadi inapoegeshwa, foleni ya kuruka ikiwemo. Na ule uzi unagusa pembe ya Sudan, ambako vita vilipoanza Aprili 2023 anga ilifungwa. Tukipinda, kilomita zinaongezeka.

Mama akiondoka Ijumaa usiku, anatua Jumamosi alfajiri. Wanaompokea waambie siku, si saa peke yake. Nimeona watu wakienda uwanjani siku nzima kabla.