Jibu: Kompresa ya friji kwenye kompyuta ya nyumbani

Ndugu yangu wa Entebbe, umeuliza kama kompresa ya friji inaweza kupoza prosesa yako. Inaweza, ila umande ndio utakaokusumbua. Gesi ya friji iitwayo R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo kile kichwa cha shaba kinachokaa juu ya prosesa kitashika barafu, na hewa ya hapo kando ya ziwa imejaa unyevu. Mimi niliacha upenyo mdogo tu kwenye sponji nyeusi ya mabomba, ile inayozuia hewa yenye unyevu isifike kwenye baridi. Asubuhi nikakuta tone limening'inia nyuma ya soketi inayoshika prosesa, ubao mama (motherboard) umeshaungua. Iliniuma sana.

Ziba pande zote mbili za ubao kwa sponji hiyo, na upake grisi isiyopitisha umeme kuzunguka soketi. Kujaza gesi mwachie fundi wa friji. Washa kompresa kwanza, kompyuta baadaye. Umeme ukikatika, subiri dakika 5 hivi presha isawazike kabla ya kuiwasha tena, la sivyo mota itakwama na kuungua. Kwa kompyuta inayowaka kutwa nzima, mimi ningekushauri ubaki na feni kubwa.