Jibu: Anapiga hesabu za saketi vizuri lakini umeme haujamwingia, utamgunduaje?

Mleta uzi, umeuliza inakuwaje wanafunzi wako wa uhandisi wanamaliza hesabu za Kirchhoff (kanuni za mkondo na volteji kwenye saketi) bila shida, halafu wakishika voltimita wanababaika. Nimesimamia maabara ya umeme muda mrefu, nikwambie ninavyofanya.

Kwanza acha kuwapa namba. Mwenye namba hukimbilia fomula, na fomula humficha. Mpe jambo la kubashiri. Mwaka 1992 McDermott na Shaffer, watafiti wa ufundishaji wa fizikia Marekani, walieleza swali la balbu tano zinazofanana: moja peke yake kwenye betri, mbili kwa mfuatano, mbili sambamba, kila kundi na betri yake ya aina ileile, zipange kwa mwanga. Waliopatia ni kama asilimia 15, na hao ni wanafunzi wa chuo kikuu!

Ninalolipenda zaidi ni hili. Balbu A imefuatana na B na C zilizo sambamba. Chomoa C. Ukinzani wa jumla unapanda, kwa hiyo A inafifia na B inaongeza mwanga. Wengi watakwambia A haibadiliki. Usisahihishe bado, maana jibu hilo moja linaweza kutoka kwenye imani mbili tofauti. Yupo anayeamini betri hutoa mkondo uleule siku zote. Yupo pia anayeona mkondo kama msafiri: ukishapita A, yanayotokea mbele hayaihusu. Sasa ihamishie A upande wa pili, mkondo uanze kwa B na C, kisha uliza tena. Wa kwanza atarudia jibu lake, wa pili atalibadilisha. Saketi yenyewe, kumbuka, haijali A iko upande gani.

Kila jibu lifuatwe na sababu, na mwanafunzi aandike ana uhakika kiasi gani. Aliyekosea huku anabahatisha, mfundishe tu. Aliyekosea kwa uhakika ndiye mwenye kazi, huyo mihadhara haimbadilishi.

La mwisho, swichi iliyo wazi kwenye saketi ya betri ya volti 12 na balbu moja. Volteji kati ya ncha za swichi ni ngapi? Wajuzi wa fomula wataandika sifuri: mkondo sifuri, zidisha kwa ukinzani, sifuri. Wanasahau kwamba ukinzani wa swichi iliyo wazi hauna kikomo, kwa hiyo kuzidisha huko hakuna maana. Waandike ubashiri kwanza, ndipo waweke voltimita wasome 12.